Mashua ya mita 21 kwenye ukuta wa mita 7: naomba ushauri kuhusu mchoro wa sebuleni

Mpangani wa Smethwick

Wanajukwaa, habari za siku nyingi. Nina swali linalohusu upambaji wa sebule, na ninaomba wenye uzoefu wa kuchora ukutani, au wanaoifahamu mifereji ya Uingereza, wanisaidie kabla sijanunua hata kopo moja la rangi.

Mimi na mume wangu tunaishi Smethwick, karibu na Birmingham, katika nyumba ya matofali ya miaka ya 1890 iliyoshikana na za majirani pande zote mbili. Kwa miaka 11 nimekuwa nikienda kazini kwa miguu kando ya mfereji, nikipita chini ya daraja la chuma la Galton lililojengwa mwaka 1829, na njiani ninazikuta zile mashua nyembamba zimefungwa ukingoni, moshi ukitoka katika dohani zao fupi na kuni zimepangwa juu ya paa. Nimezizoea kiasi kwamba sasa ninataka moja iwe ndani ya nyumba yangu.

Wenye nyumba waliotutangulia walibomoa ukuta uliotenganisha sebule na chumba cha kulia, kwa hiyo tumebaki na ukuta mmoja wenye urefu wa mita 7.4 na kimo cha mita 2.6, ambao ndio unaotugawa na jirani. Mbele yake linakaa kochi la watu watatu na meza ya kulia. Ukuta unaouelekea una sehemu mbili za dohani, na ubavuni mwa mojawapo limo kabati la mbao la tangu nyumba ilipojengwa, lenye milango miwili.

Ninachoshindwa kuamua ni hiki. Mume wangu anataka karatasi ya ukutani iliyochapishwa picha, kwa hoja kwamba inabandikwa kwa siku moja na ikituchosha inabanduliwa, ilhali mimi ninataka mchoro wa mkono. Pia sijui nichore mashua ya aina gani na kwa ukubwa gani, kwa sababu nilipojaribu kwa penseli kwenye karatasi, ilitoka ama fupi kama ngalawa au nyembamba kama fito. Nilikuwa nimefikiria kuuzungushia ukuta wote pambo la mawaridi na makasri ninaloliona kwenye mashua hizo. Na shemeji yangu anasisitiza kwamba pembeni liwepo jahazi la Pangani, ili watoto wasisahau kwao. Naomba mawazo yenu.

Fundi wa Coventry

Dada Mpangani, nimepaka rangi katika nyumba za aina hiyo kwa miaka 17, na kila nilipoitwa kurekebisha mchoro ulioharibika, karibu mara zote mchoraji hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ukuta. Kwa hiyo nitauacha uzuri wa mashua kwa wengine, mimi nizungumzie plasta.

Nyumba za wakati huo zilipigwa plasta ya chokaa, ambayo huvuta unyevu na kuuachia taratibu. Mtu akiifunika kwa rangi ya plastiki inayong'aa, unyevu hukosa pa kutokea, na baada ya majira mawili ya baridi rangi hutoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, kisha chumvi nyeupe huanza kuchungulia. Una bahati kwamba ukuta uliouchagua ni wa kati na haupigwi na mvua, lakini sehemu ya chini bado inaweza kunyonya maji kutoka ardhini. Bandika kipande cha nailoni nene ukutani, ukizibe kwa tepu pande zote nne, na ukiache siku 2 au 3. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani na chanzo chake lazima kitafutwe. Yakitokea upande wa chumbani, huo ni mvuke wa kupika na wa nguo tunazozianika ndani wakati wa baridi, na hapo dawa ni kufungua madirisha. Baada ya hapo lowesha kidole na usugue ukuta. Kidole kikitoka na unga, chini kuna rangi ya kale ya chaki na gundi, nayo haishiki chochote kinachopakwa juu yake mpaka ioshwe.

Jambo moja nakusihi usilidharau: rangi za zamani, hasa zile za mafuta kwenye mbao, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Vipo vipimo vya bei nafuu katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Usipige msasa mkavu kabla ya kupima, hasa ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Ukishajua ulichonacho, rangi inachagulika yenyewe. Plasta ya chokaa inataka rangi ya silikati, au rangi ya maji isiyong'aa inayouacha ukuta upumue, na michoro yenyewe unaweza kuifanya kwa rangi za akriliki zilizopakwa nyembamba. Plasta mpya ya jasi inataka mkono wa kwanza uliozimuliwa kwa maji ili iunywe vizuri.

Na mstari wa maji uupige kwa pimamaji. Usiufuate ubao wa chini ya ukuta, wala dari, maana katika nyumba ya umri huo vyote viwili vimekwisha kulala upande, na maji yakishuka kwa sentimita 2 tu kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, kila mgeni atadhani mashua yako inateremka kilima. Uweke mstari huo mbali na ubao, ili jicho lisipate cha kulinganisha.

Mstaafu wa Northampton

Mwanangu, umeuliza mashua ya aina gani, nami nimefurahi kwamba umeuliza, kwa sababu wachoraji wengi wanaochora "mashua ya mfereji" huchanganya vyombo ambavyo havijapata kukutana majini. Niliishi ndani ya mashua nyembamba kwa miaka minne kabla ya magoti kunishinda, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha.

Tishari ni jamii moja na mashua nyembamba ni jamii nyingine. Matishari ya mto Thames yalikuwa mapana, ya chini bapa, yenye matanga ya rangi ya hudhurungi iliyokolea na mabawa ya mbao ubavuni yaliyoteremshwa ili upepo usiyasukume pembeni. Yalifanya kazi mtoni na pwani, na huwezi kuliweka tishari la namna hiyo chini ya daraja lako la Galton. Mifereji ya katikati ya Uingereza ilichimbwa kwa kipimo kingine. Malango yake ya maji, yale yanayopandisha na kushusha vyombo kwenye miinuko, yana upana wa futi 7 hivi, yaani kama mita 2.1, na mashua zikajengwa kwa kipimo hicho hicho: upana usiozidi mita 2.1 na urefu unaofika mita 21 na zaidi kidogo. Ndiyo maana penseli yako ilikusumbua. Chombo chenyewe ni kirefu mara kumi ya upana wake, na anayekifupisha ili kienee kwenye karatasi amekwisha kuchora kitu kingine.

Sasa tazama ukuta wako. Mita 21.3 ukizigawa kwa 3 unapata mita 7.1, kwa hiyo mashua nzima, kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, inaenea kwenye mita 7.4 zako kwa kipimo cha moja kwa tatu, na kimo chake juu ya maji, ambacho kwa kawaida hakifiki mita 2, kitakuwa kama sentimita 55. Utapata mkanda mrefu mwembamba, karibu kama pindo la kanga, na hivyo ndivyo mashua hizo zilivyo hasa ukizitazama kutoka ng'ambo. Njia nyingine ni kuchora kipande tu kwa ukubwa halisi. Chumba cha nyuma, alimoishi mwenye mashua na mkewe na watoto wao, kilikuwa na urefu wa kama mita 3. Hebu kipime kwa hatua zako hapo sebuleni. Jiko la makaa, kitanda cha kukunja, kabati ambalo mlango wake ukiangushwa unakuwa meza, vyote vilikuwa humo, na mbele kulikuwa na shehena ya tani kama 25. Inasimuliwa kwamba reli ilipoanza kunyang'anya mifereji biashara, mabaharia wengi waliacha nyumba zao za nchi kavu na kuhamia mashuani na familia zao, ili kuokoa kodi na mshahara wa msaidizi.

Kuna jambo utalazimika kuliamua mwenyewe, nalo linahusu ukweli wa mahali. Kwenye mifereji ya Birmingham, ambayo hadi leo ina kiasi cha kilomita 160 zinazopitika, chombo kilichofanya kazi nyingi zaidi kilikuwa mashua ya makaa ya mwendo wa siku moja, waliyoiita *joey*. Mara nyingi ilikuwa wazi tangu mbele hadi nyuma, haikuwa na waridi wala kasri, na usukani wake uliweza kung'olewa tezi na kutiwa omo ili isihangaike kugeuka kwenye mfereji mwembamba. Mashua zenye mapambo zilikuwa za safari ndefu, za familia. Mimi ningechora zote mbili, ile nyeusi ya makaa ikiwa imefungwa nyuma ya ile ya familia, kwa sababu rangi nyekundu na kijani huonekana vizuri zaidi zikiwa na weusi wa kutazamana nao.

Kuhusu mawaridi na makasri: usiyapake ukutani. Mapambo hayo hayakuwa ya ukuta hata siku moja. Yalikuwa ya mbao na bati, yaani milango ya chumba cha nyuma, kabati la meza, ndoo na makopo ya maji. Tena kwenye milango yalipakwa upande wa ndani, kasri kwenye kibao cha juu na mawaridi kwenye kibao cha chini, ili milango inapofunguliwa mchana ndipo wapita njia wayaone. Wewe una kabati la zamani lenye milango miwili. Pambo limekwisha kupata mahali pake. Waridi lenyewe halichorwi kwa penseli. Unaweka kwanza duara la rangi nzito, kama nyekundu iliyoiva, unaliacha likauke, kisha kila ubale unapigwa kwa mkupuo mmoja wa brashi laini yenye rangi nyepesi, bila kurudia. Ukirudia, linakufa. Fanya mazoezi kwenye sahani kuukuu kwanza. Yangu 30 za mwanzo zilifanana na kabeji.

Mwenye Karatasi, Bristol

Namwunga mkono shemeji yangu, mume wa dada Mpangani, ila kwa sharti moja. Tulibandika karatasi ya picha ya mashua kwenye ukuta wa mita 4, tukaagiza kwa kampuni moja ya mtandaoni kutokana na picha niliyopiga mwenyewe kwa simu, na ilipofika, dirisha la mashua lilikuwa doa la kijivu lisilo na kingo. Baadaye ndipo nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mapema: picha yenye nukta 4,000 kwa upana, ikitandazwa kwenye mita 4, inabakiwa na nukta 25 tu kwa kila inchi, ilhali ukiwa umekaa kwenye kochi karibu na ukuta unahitaji walau mara 3 au 4 ya hizo. Kwa mita 7.4 itakuwa mbaya zaidi. Anayetaka karatasi atumie picha kadhaa zilizounganishwa, au mchoro wa kompyuta usiotegemea nukta. Na picha ya mtu mwingine usiitumie bila ruhusa yake.

Jambo jingine ni kwamba karatasi huja kwa vipande vyembamba vya kuunganisha, na mashua ina mistari mirefu iliyolala. Kiungo kikikosea kwa milimita 2, mstari wa ubavu wa mashua unavunjika papo hapo. Picha ya msitu ingekusamehe, lakini mashua haisamehi.

Mwana wa Shela

Assalamu alaikum. Ninaandika kuhusu jahazi la shemeji, kwa sababu naona wote mmelipita kimya kimya.

Kuchora vyombo kwenye plasta ya ndani si jambo geni kwetu. Katika magofu ya Gede, na huko Kilwa na Songo Mnara, imo michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu kwenye chokaa za kuta, baadhi ikiwa na milingoti, matanga na kamba zake, na katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa umehifadhiwa ukuta ambao Wareno waliuchora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu. Ukiitazama michoro hiyo ya magofuni utaona tabia moja: ni midogo, mingi haizidi urefu wa mkono, na imechorwa mahali ambapo mtu alikaa au kusimama. Aliyeichora hakukusudia kuujaza ukuta.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba jahazi lisiwekwe katika mfereji. Jahazi lina mlingoti, foromali na tanga, na linataka maji ya kina na upepo. Ukiliegesha nyuma ya mashua isiyo na tanga, inayopita chini ya madaraja ya kuinamia, umevidhulumu vyombo vyote viwili, na mtoto atakayekua akiutazama ukuta huo atadhani Pangani na Smethwick ni bandari moja. Likwaruze dogo, mstari mtupu usio na rangi, mahali pengine kabisa: pembeni mwa mlango wa jikoni, kwa kimo cha macho ya mtoto. Ukuta ukiwa wa chokaa kweli, kama Fundi anavyosema, msumari mmoja unatosha, ila ufanye hivyo baada ya kile kipimo cha risasi.

Nina shaka pia na pendekezo la Mstaafu la kuchora kipande kwa ukubwa halisi. Dada amesema mbele ya ukuta lipo kochi. Mgongo wa kochi hufika sentimita 85 au 90. Mashua ya ukubwa halisi itaanzia chini kabisa, nusu yake itakuwa nyuma ya kochi, na wageni wataona paa na dohani tu.

Mstaafu wa Northampton

Mwana wa Shela, kochi lilinipita. Uko sahihi.

Basi mwanangu, shika mashua nzima kwa moja kwa tatu, na mstari wa maji uupandishe hadi sentimita 110 kutoka sakafuni. Juu yake mashua, chini yake taswira ya mashua majini, ambayo kimo chake ni kile kile cha mashua, na inapokaribia mgongo wa kochi iache ififie katika rangi ya maji. Na rangi ya maji nakuomba sana isiwe buluu. Unayatazama kila siku: ni kijani cha matope, hudhurungi chini ya daraja, na jua likiwa chini yanageuka rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Mashua zote za kwenye kadi za posta huelea katika buluu, na ndiyo maana hazina uzito.

Ukipata nafasi upande mmoja, weka tao la daraja la matofali, na kwenye kona yake chora kile chuma cha kinga. Nenda ukakitazame kwa karibu na ukipapase. Utakuta mifereji midogo iliyochimbika ndani ya chuma, mingine inaingia kidole kizima, na kilichoichimba ni kamba tu, kamba za farasi waliovuta mashua zikisugua pale pale mwaka baada ya mwaka, zikiwa zimelowa na kubeba mchanga.

Mpangani wa Smethwick

Shikamoo Mzee Mstaafu, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nailoni ilikuwa bado ukutani. Leo ni siku ya tatu. Upande wa ukuta ni mkavu, upande wa chumbani una matone, kwa hiyo kuanzia sasa nguo zitaanikwa chumba cha juu na dirisha litafunguliwa, baridi au si baridi. Kidole hakikutoka na unga. Kipimo cha risasi kimeonyesha ukuta hauna tatizo, lakini milango ya kabati inayo, chini ya rangi nyeupe ya juu. Fundi, je, ninaweza kupaka mawaridi juu ya rangi hiyo bila kuikwangua, au ni lazima itolewe yote?

Kuhusu karatasi, nilimsomea mume wangu hesabu ya nukta 25, akanyamaza, kisha akasema basi yeye atashika pimamaji.

Jana jioni nilipita darajani kwa makusudi. Si lile la chuma, ambalo liko juu mno, bali dogo la matofali lililo mbele yake. Chuma cha kinga kipo. Nilihesabu mifereji 9 kwenye kona moja, na kidole changu cha shahada kiliingia katika mitatu.

Fundi wa Coventry

Usiikwangue, dada. Kama rangi ya juu imeshika na haibanduki, ioshe kwa sabuni, ichubue kidogo kwa msasa wa majimaji ukiwa umevaa barakoa inayofaa vumbi hilo, futa kwa kitambaa kilicholowa na ukitupe kitambaa hicho, kisha paka praima ya mbao na uanzie hapo. Risasi iliyofunikwa vizuri haimdhuru mtu. Kwenye kingo ambapo mlango unasuguana na fremu acha nafasi ya milimita 2 au 3, la sivyo utakuwa unaisaga rangi ya zamani kila unapofungua kabati kuonyesha wageni kasri lako.

Mawaridi ya mbao yapakwe kwa rangi ya mafuta na yafunikwe kwa vanishi. Mchoro wa ukutani uache bila vanishi.